Jukwaa Nalo ni Darasa

Ndugu msomaji, huenda neno lenyewe ndilo linalotuponza. Katika Kiswahili chetu tunasema "mchezo wa kuigiza", na mzazi asikiapo neno "mchezo" humjia akilini gololi, kombolela na mpira wa makaratasi. Kisha husikia "kuigiza", akamwaza mtu anayejifanya kuwa asivyo. Yaunganishe maneno hayo mawili, uyapeleke nyumbani kwa mtu aliyeuza mikungu ya ndizi ili apate fedha za sare na madaftari, uone kama hatakunja uso. Atakuuliza: mwanangu nimempeleka shuleni akacheze?

Swali hilo niliulizwa na shemeji yangu, mume wa dada yangu, mkulima wa kahawa na migomba katika miteremko ya Mlima Meru, juu ya Tengeru. Binti yake, mpwa wangu, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa, naye amejiunga na kikundi cha maigizo. Baba yake anataka ajitoe. Hana ugomvi na mtu. Ana hesabu zake tu. Mtihani wa kidato cha nne hauko mbali, mchana ni mfupi, njia ya kurudi nyumbani ni ndefu, na ng'ombe wanasubiri majani. Aliniuliza mimi kwa kuwa ni mjomba wa mtoto, na kwa kuwa kazi yangu ni kuandika. Alidhani mtu wa magazeti hakosi jibu. Nilimwomba anipe siku chache. Leo nataka kumjibu mbele yenu, kwani naamini mashemeji wa namna yake ni wengi, na swali lao ni la haki.

Nasema ni la haki kwa sababu elimu ina gharama hata pale inapoitwa ya bure. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hatua hiyo ikafika kidato cha sita. Hata hivyo, kila mzazi anajua kwamba sare ina bei, viatu vina bei, na mikono ya mtoto asiyekuwapo shambani nayo ina bei. Mtu anayetoa hayo yote hana budi kuuliza kila saa ya mwanawe inaleta nini. Basi na tuitazame saa hiyo ya maigizo kwa jicho la mkulima: imepandwa nini, na kimevunwa nini?

Kwanza tuseme ukweli kuhusu hali ilivyo. Tamthiliya haijafukuzwa shuleni. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa katika fasihi ya Kiswahili kidato cha tatu na cha nne. Wengi waliopita humo wanaikumbuka Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, iliyotoka mwaka 1988. Wanaikumbuka pia Kilio Chetu, iliyotungwa katika miaka ya 1990 ili kuwaamsha vijana na wazazi juu ya janga la ukimwi. Vitabu vipo. Kinachokosekana ni jukwaa. Mwanafunzi husoma kitabu, akaandika dhamira katika ukurasa mmoja, ujumbe katika ukurasa wa pili, wahusika na sifa zao katika wa tatu, akakariri, akajibu mtihani. Aweza kupata alama ya juu kabisa bila kutamka kwa sauti hata neno moja la mhusika yeyote.

Sisemi kwamba uchambuzi haufai. Unafaa sana. Lakini tamthiliya iliandikwa isemwe na watu waliosimama, mbele ya watu waliokaa. Kuisoma kimya na kuifunga ni sawa na kumweleza mgeni jinsi loshoro inavyopikwa, mahindi yalivyochemka na maziwa yalivyoganda, kisha kumwondoa mezani bila kumpa bakuli. Atajua mapishi yote, lakini ataondoka na njaa yake.

Naomba ruhusa yenu nieleze nilichokiona mimi mwenyewe. Nilisoma sekondari katika mkoa huu wa Arusha, katika shule ambayo asubuhi za Julai ukungu wa mlima ulikuwa ukiingia hadi darasani. Wengi wetu tulitoka shule za msingi za vijijini. Nyumbani tulisema Kimeru au Kimasai, shuleni tulifundishwa kwa Kiswahili, na tulipoingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka kuwa Kiingereza. Yeyote aliyepita njia hiyo anajua kinachotokea. Darasa zima huwa bubu. Watoto waliokuwa hodari wa kuuliza katika darasa la saba huinamisha vichwa na kunakili ubao. Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, tunaitika kwa pamoja kwamba tumeelewa, na hapo ndipo sauti zetu zinapoishia. Ukimya huo, ndugu msomaji, hauishi siku mtoto anapojifunza maneno ya Kiingereza. Ukikaa miaka miwili unakuwa tabia, na tabia hiyo hutoka naye shuleni, akaenda nayo ofisini, kwenye mkutano wa kijiji na hata ndani ya ndoa yake.

Katika kidato cha tatu tulipata mwalimu wa Kiswahili aliyetuamuru kusogeza madawati ukutani. Vitabu vya Ngoswe vilikuwa saba kwa darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini, akaona heri saba wasome kwa sauti na waliobaki wasikilize kuliko watu wanane kugombania kitabu kimoja. Mimi nilipewa nafasi ya Mzee Ngengemkeni Mitomingi, baba yake Mazoea. Wasioujua mchezo huo niwadokeze: Ngoswe ni karani anayetumwa kijijini kuhesabu watu, anapokewa kwa heshima nyumbani kwa Mzee Mitomingi, naye anaiacha kazi aliyotumwa na kumtamani binti wa mwenyeji wake. Mwisho wake karatasi za hesabu zinateketezwa kwa moto, na kazi yote inapotea.

Nilivaa shuka niliyoazima kwa mlinzi wa shule, nikashika fimbo, nikafoka kwa nguvu zangu zote. Wenzangu walicheka. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza mzee huyu ana sifa gani, nami nikajibu kama nilivyoandika katika daftari: ni mkali. Akaniambia nirudi kwenye kitabu nitafute ni wakati gani ukali huo unaanza, na kabla yake mzee alikuwa mtu wa namna gani. Nilitafuta siku mbili. Niligundua kwamba yule mtu niliyemwita mkali alikuwa kwanza mwenyeji aliyemkirimu mgeni. Ukali wake ulikuwa mtoto wa aibu. Alimfungulia mtu mlango wa heshima, na mtu yule akapita humo humo kumvunjia nyumba. Niliposimama tena sikufoka. Nilisema pole pole, na safari ile hakuna aliyecheka.

Hilo ndilo somo la kwanza ambalo jukwaa hufundisha na daftari haliwezi. Daftari liliniambia mzee ni mkali. Jukwaa lilinilazimisha kuuliza kwa nini. Kijana aliyezoea kuuliza kwa nini mtu amekasirika hatakuwa mwepesi wa kutupa jiwe. Na Agosti 2022, makarani wa sensa walipopita nyumba kwa nyumba nchini, hadi tukaambiwa kwamba Watanzania ni watu 61,741,120, nilimkumbuka Ngoswe. Nilielewa kwamba nyuma ya hesabu ile kubwa kulikuwa na maelfu ya makarani waliokaribishwa katika nyumba za watu, na kwamba uzembe wa mmoja ungeweza kuwapoteza watu wa kijiji kizima katika mipango ya zahanati na visima.

Somo la pili ni sauti. Katika darasa letu alikuwapo msichana mmoja ambaye hata alipoitwa jina kwenye daftari la mahudhurio aliitika kwa midomo tu. Mwalimu alimpa nafasi ya mama yake Mazoea. Siku ya kwanza maneno yake hayakufika dawati la pili. Mwalimu hakumkaripia wala hakumbembeleza. Alimchukua kijana mmoja akamsimamisha nje, karibu na mti wa mgrevilea, akamwambia ainue mkono kila anaposikia sentensi nzima. Kisha akamwambia yule msichana asitutazame sisi, amsemeshe yule aliye nje. Wiki ya kwanza mkono haukuinuka. Wiki ya pili uliinuka mara moja, darasa likapiga makofi. Kufikia mwisho wa muhula ulikuwa ukiinuka na kushuka hata kijana mwenyewe akalalamika kuchoka. Msichana yule leo ni muuguzi. Tulipokutana mwaka juzi alinieleza kwamba kila siku huwafundisha akina mama namna ya kuwapa watoto dawa, mara ngapi na kiasi gani, katika chumba chenye kelele za watoto wagonjwa. Alisema bado huchagua mama aliyekaa mbali kuliko wote, akamsemesha yeye.

Somo la tatu ni kusikiliza, nalo ndilo lililonifaa mimi zaidi. Watu hudhani mwigizaji ni mtu wa kusema. La hasha! Muda mwingi mwigizaji ni mtu wa kungoja. Akilala usingizi wakati mwenzake anasema, hatajua zamu yake inafika lini. Akimkatiza, mchezo unaharibika kwa wote. Baadaye, nilipokwenda kusomea stashahada ya uandishi wa habari, walimu wetu walitufundisha namna ya kumhoji mtu: muulize, nyamaza, mwache amalize, tazama mikono yake, sikia anachokiruka. Nilijiona kama mtu anayerudia darasa. Nusu ya mambo hayo nilikwisha kuyafanya nikiwa na shuka la mlinzi mabegani.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kigeni, yaliletwa na Wazungu pamoja na vitabu vyao. Hapana. Wazee wetu wa mlima huu, Wameru na Waarusha, hawakuwa na jengo lililoitwa ukumbi wa maonyesho, lakini walikuwa na jukwaa. Bibi aliyesimulia hadithi karibu na moto alikuwa fisi, sungura na mke mwenza kwa zamu, na kila mmoja alikuwa na sauti yake. Wazee walipokaa chini ya mti kuamua shauri, msemaji alisimama, akashika fimbo, akaanza kwa mbali, akalijia jambo lake hatua kwa hatua, na vijana waliruhusiwa kukaa pembeni ili wajifunze jinsi neno linavyobebwa. Mtoto wa siku hizo alilelewa ndani ya masikio ya watu. Mtoto wa leo anatoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Kama shule haikumpa mahali pa kusimama na kusema, atapapata wapi?

Taifa letu nalo lililijua jambo hili mapema. Kila mara tunapita karibu na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapa mjini kwetu, tukiwaza mpira tu, tukisahau kwamba mwenye jina hilo alikuwa mshairi ambaye mwaka 1954 kitabu chake kiliwafundisha wengi sheria za kutunga mashairi. Mwalimu Nyerere, akiwa na mzigo wa nchi nzima mabegani, alipata muda wa kutafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alitaka ionekane wazi kwamba Kiswahili kinaweza kubeba hoja za wafalme na vilio vya wadeni. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 na kufuatiwa na Elimu ya Kujitegemea, ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea mashuleni. Wanafunzi walisimama wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, mbele ya wazazi wao. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, akaturudisha katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na kutuonyesha nguvu ya neno na hatari yake pia. Penina Muhando akafuata na Hatia mwaka 1972. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Watu hao wote hawakuwa wakicheza.

Lakini kwa nini twende mbali? Mlima wetu wenyewe una kisa kinachotufundisha thamani ya mtu anayeweza kusimama na kusema. Mnamo Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Watu walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, mwana wa mlima huu, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alifika New York kueleza dhuluma hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa, ambao Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wake. Katika Baraza Kuu kura hazikufikia theluthi mbili zilizotakiwa, na ardhi haikurudi siku ile. Hata hivyo, dunia ilikuwa imesikia. Aliporudi alizunguka nchini akiwaeleza watu yaliyotokea, na kesi ya Wameru ikawa mojawapo ya sauti zilizowaamsha Watanganyika kabla TANU haijazaliwa Julai 1954.

Sidai kwamba Kirilo Japhet alifundishwa maigizo. Ninachouliza ni hiki: leo likitokea jambo la kutetea ardhi, maji au haki ya mjane, ni wangapi kati ya vijana wetu wenye vyeti wanaoweza kusimama mbele ya wageni, wakalieleza kwa utaratibu, bila kutetemeka na bila kutukana? Na tena nauliza: kwa nini kisa hiki kisiigizwe katika kila shule iliyo kandokando ya mlima huu? Mwanafunzi akiambiwa acheze mama anayetazama nyumba yake ikiungua, itambidi aamue abebe nini kwanza, mtoto, mbegu au chungu. Akiambiwa acheze askari aliyeshika kiberiti, itambidi ajiulize askari yule usiku alilala vipi. Baada ya hapo tarehe ya 1951 haitamtoka kichwani, na mwalimu wa historia atakuwa amesaidiwa bila kuombwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Mwaka 1996 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, ambaye ndiye Penina Muhando niliyemtaja juu, na Amandina Lihamba, walianzisha katika shule za sekondari mpango uitwao Tuseme. Walikuwa wameona kwamba wasichana wengi wanashindwa masomo kwa sababu ya mambo yasiyosemwa. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Wanafunzi wenyewe huchunguza matatizo yao, wakatafuta chanzo, wakayatungia mchezo, wakauonyesha mbele ya walimu na wazazi, kisha watu wote wakajadili na kupanga la kufanya. Mpango huo ulipata nguvu, ukavuka mipaka ukaenda katika nchi nyingine za Afrika.

Mimi niliiona kazi ya namna hiyo katika shule moja chini ya mlima, siku ya mkutano wa wazazi. Wanafunzi walionyesha mchezo usiozidi robo saa. Msichana anatembea kilometa nyingi kwenda shule. Kijana wa bodaboda anampa msaada wa usafiri asubuhi moja, ya pili na ya tatu, bila kudai senti. Siku ya nne anadai. Basi. Hapakuwa na hotuba wala mafunzo mwishoni. Mchezo ulikatika pale, watoto wakasimama kimya wakitutazama.

Nilizoea mikutano ya wazazi yenye mabishano juu ya michango. Siku ile palikuwa kimya kwanza. Kisha mama mmoja aliuliza swali ambalo halikuwa katika ajenda: watoto wa vijiji vya juu wanatembea saa ngapi kufika hapa? Mwalimu alijibu. Baba mmoja akasema yeye hakujua kwamba binti yake hupanda pikipiki. Mzee mwingine alichukizwa, akasema mambo haya yangesemwa faraghani, si mbele ya watoto. Akajibiwa na mama aliyekaa nyuma yake kwamba faragha hiyo imekuwapo miaka yote na haijasema kitu. Kabla ya kutawanyika walikubaliana wasichana wa kila kijiji watembee pamoja, na wazazi wawili wa zamu wawasindikize hadi barabara kubwa. Sikuambiwa kwamba matatizo yote yalikwisha, wala siamini hivyo. Lakini siku ile nilifahamu jambo moja. Hapakuwa na msichana hata mmoja aliyelazimika kusimama na kusema "ni mimi". Mhusika aliwasemea wote. Kinywa ambacho kingefungwa kwa aibu kilifunguka kwa sababu kilisema kwa jina la mtu mwingine.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurejea masomoni. Ni hatua ya huruma na ya busara. Hata hivyo, kila mzazi angependa binti yake asiufikie mlango huo wa kurudi, na njia mojawapo ya kumlinda ni kumpa kinywa mapema.

Najua shemeji yangu bado ana maneno, na tuyatazame. Atasema muda ni mdogo. Ni kweli, basi kikundi kikutane mara moja kwa wiki, saa tisa hadi saa kumi alasiri, na mchezo uchukuliwe katika vitabu vile vile vinavyotahiniwa, ili saa hiyo iwe ya maigizo na ya masomo kwa pamoja. Aliyesimama akawa Mazoea hatahitaji kukariri sifa za Mazoea. Atasema wavulana na wasichana wakikaa pamoja jioni huharibikiana. Hofu hiyo si ya kubezwa. Mazoezi yawe mchana, mahali pa wazi, mwalimu akiwapo, na mzazi yeyote aruhusiwe kuingia na kukaa. Atasema hatuna fedha za mavazi. Hazihitajiki. Kanga ya mama, koti la babu na mwiko wa jikoni vinatosha. Mwisho atasema hataki mwanawe awe msanii. Je, kila mtoto anayecheza mpira shuleni anakwenda kuchezea timu ya taifa? Tunawaacha wacheze ili viungo vipate nguvu. Ulimi nao ni kiungo, na moyo pia.

Kwa walimu wenye madarasa makubwa nina neno moja tu. Huhitaji kuwasimamisha wanafunzi wote siku moja. Wagawe katika makundi madogo, kila kundi lipewe onyesho moja, na wanaotazama wapewe kazi ya kutazama: nani alisikika, nani hakusikika, nani alimngoja mwenzake.

Nawe mzazi usingoje shule ianze. Wiki hii, baada ya chakula cha jioni, mwulize mwanao wanasoma tamthiliya gani. Mwambie alete kitabu, achague ukurasa mmoja, asome sehemu ya mhusika mmoja, nawe usome ya mwingine. Mdogo wake akae mlangoni ainue mkono anaposikia. Huenda mtacheka, chekeni. Kisha mwulize kwa nini yule mtu alisema vile, umwache ajibu mpaka amalize.

Na wewe shemeji, jibu langu ndilo hilo. Mpwa wangu ameniambia kwamba kikundi chao kitaonyesha mchezo kabla shule hazijafungwa, na kwamba amepewa nafasi ya mzee wa kijiji, kwa kuwa wavulana wote waliikwepa. Ng'ombe nitawakatia majani mimi siku hiyo. Wewe nenda ukakae benchi la nyuma kabisa, uone kama atakufikia.